Leo Usitazame Mti

Juzi sokoni Bariadi mwanamume mmoja alifungua gunia la mtama, akaumwaga wote kwa mkupuo juu ya turubai, nami nikaruka. Siongezi chumvi. Mtu mzima mwenye kitambi na shahada mbili, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani, niliruka, nikainua mikono juu, na mdomo ukawa umeshafunguka tayari kupiga yowe. Mama mmoja muuza nyanya aliniuliza kwa huruma, "Baba, umeng'atwa?" Binti yangu Nkamba, wa miaka kumi na miwili, aligeukia mafungu ya vitunguu na kuyasoma kama gazeti, ili watu wasijue kwamba tumekuja pamoja.

Kosa lilikuwa la ile sauti. Mtama ukimwagwa huanza kwa mnong'ono, halafu mnong'ono hunenepa mpaka ukawa kama mvua inayokuja kutoka upande mmoja tu. Kwa wengine hiyo ni sauti ya chakula. Kwangu ni sauti ya kweleakwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, maelfu kwa maelfu, wakiwasili, na huu ni mwaka wa thelathini na kitu bado inanirusha.

Ilibidi nimweleze Nkamba, na kwa kuwa yeye nimeshamweleza, naona niwaeleze na ninyi. Ila naomba jambo moja: lisimfikie shangazi yangu. Yuko hai, ana afya, na hadi leo anapika kuku nikimtembelea kwa sababu ya jambo ambalo nililifanya nusu tu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa karani wa pamba, na Bariadi ilikuwa bado mji ambao gari likipita unajua ni la nani kwa kusikia honi yake. Ofisini kwa baba kulikuwa na kalenda ya ndege, kila mwezi na ndege wake, na mwaka ulipokwisha alinipa. Nilikata picha zile kumi na mbili nikazibandika kwenye daftari kwa uji wa muhogo, kisha nikaanza kuongeza wangu mwenyewe: jina, mahali nilipomwona, rangi, na maelezo kama "anaruka vizuri". Kufikia Juni nilikuwa na ndege arobaini na watatu, ambao karibu nusu yao nilikuwa nimewaona kweli. Nilijihesabu kuwa mtaalamu mkuu wa ndege katika Kanda ya Ziwa. Sikuwa na mpinzani, maana hakuna mwingine aliyejua kwamba kuna mashindano.

Likizo ya Juni nilipelekwa Zagayu kwa shangazi. Kwetu shangazi huitwa Sengi, na Sengi akisema njoo, hata baba mzazi huanza kutafuta viatu. Mwaka ule alikuwa amejeruhiwa mguu na plau msimu wa kulima, akalala wiki nyingi, akachelewa kupanda. Kwa hiyo mtama wa wenzake ulikuwa umeshavunwa na uko kwenye vihenge, lakini wa kwake ulikuwa bado umesimama kwenye ile mbuga ya udongo mweusi, masuke yamejaa maziwa. Ukilibinya suke linatoa uji mweupe mtamu, na hilo si mimi tu niliyelijua. Sengi alikuwa mjane mwenye watoto watatu wadogo. Shamba lile ndilo lililokuwa chakula cha mwaka mzima, na lilikuwa shamba la mwisho bonde zima. Shamba la mwisho ni kama nyumba moja inayopika siku ya njaa. Wageni hawahitaji kuelekezwa.

Mlinzi wa shamba alikuwa jirani yake, Ng'wana Shigela, yaani binti Shigela, ingawa mwenyewe alikuwa na mvi na sauti ya kuita ng'ombe mto wa pili. Alikuwa ameamia ndege, yaani kuwafukuza kwenye nafaka, tangu akiwa mdogo, na mwaka ule alijitolea kuamia shamba la Sengi kwa sababu lake alikuwa amelimaliza. Katikati ya mtama lilisimama dungu lake, jukwaa la miti lililoinuka juu ya masuke, lenye kivuli cha nyasi. Pale juu alikuwa na kombeo la katani, rundo la mabonge ya udongo aliyoyafinyanga mwenyewe, debe la kupiga, na bua la mtama mtamu la kutafuna.

Nilipanda na daftari langu kwapani.

"Mwangaluka, mama," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Hicho ni nini, cheti cha kuzaliwa?"

"Ni daftari la ndege. Nina ndege arobaini na watatu."

Aliniangalia, akaangalia daftari, akatema kapi la bua. "Wewe una arobaini na watatu. Mimi nina shamba zima. Kaa hapo, Karani."

Tangu siku hiyo sikuwa na jina lingine.

Somo la kwanza lilinitia hasira. Alichukua khanga yake akanifunika kichwa kizima, nikabaki gizani nikinusa moshi na mafuta ya samli. "Sasa niambie kuna nani shambani," akasema.

"Sioni kitu!"

"Nimekuuliza kuna nani, sikukuuliza unaona nani."

Basi nilikaa chini ya khanga asubuhi nzima kama posa iliyokataliwa, na ndivyo nilivyoanza kujua ndege. Pugi akiondoka ardhini mabawa yake hupiga mluzi. Mnana wakija utawajua kwa ugomvi, kila mmoja anamshtaki mwenzake kabla hajatua. Chiriku huja wachache wachache, wanasalimiana. Yangeyange hawasikiki kabisa, ila ng'ombe wakikohoa ujue nao wapo. Wote hao alikuwa na hukumu yao. Pugi alimsamehe, kwa kuwa huokota yaliyoanguka. Chiriku alimwachia mstari mmoja wa pembeni, "kodi ya jirani". Mnana alimrushia bonge moja la onyo, likapita sentimita chache juu ya kichwa chake, wala hakukosea hata mara moja kwa kumpiga. "Nikimuumiza nitamkosa kesho," alisema. "Na kesho nitamhitaji."

Sikuelewa mlinzi wa shamba atamhitaji mwizi kwa nini. Siku ya tatu nikaelewa. Tulikuwa tumekaa, yeye amefumba macho, anatafuna, nami nikidhani amesinzia. Mnana kwenye mgunga wa bondeni walikuwa wakipiga kelele kama kawaida yao.

"Wamepata nyoka," akasema bila kufumbua macho.

"Nani?"

"Mnana. Nenda katazame, lakini usifike shinani. Ni wa kijani, yuko juu, upande wa jua."

Nilishuka mbio, nikapenya mtama, nikafika. Viota vilining'inia kama soksi zilizoanikwa, na juu, upande wa jua, alikuwapo nyoka wa kijani kibichi amejilaza kwenye tawi, kichwa ndani ya kiota kimoja. Mnana walimzunguka wakimtukana. Moyo ulinienda mbio mpaka masikio yakavuma. Si kwa hofu ya nyoka, wasomaji wangu. Ni kwa sababu mwanamke yule alikuwa amemwona kwa masikio, amekaa mbali, akitafuna bua!

Nilirudi nikiwa sina pumzi. "Umejuaje rangi yake?"

"Mweusi wanamlilia vingine." Halafu akaniuliza, kwa upole ambao sikuuzoea, "Kwenye kalenda ya baba yako, ndege walikuwa wanalia?"

Kuanzia siku ile nilimganda kama kupe. Nilikuwa wa kwanza kwenye dungu kabla umande haujakauka, miguu imebeba udongo mweusi mzito kama viatu vya jeshi. Nilikosea kila saa moja, naye alifurahia kila kosa. Kuna mara niliinuka nikapaza sauti, "Kweleakwelea!" Ulikuwa upepo umepita kwenye majani makavu.

"Haya, Karani, piga mwano," akasema. "Waite watu waje tuukamate upepo, tuufunge kamba."

Mwano si jambo la mchezo, na hapa lazima nieleze. Ni yowe letu la dharura, moja refu na mawili mafupi, na kwa desturi ng'ombe wakiibwa ndilo hupigwa. Likipigwa, kila mtu mwenye miguu huacha alichoshika na kukimbilia linakotoka. Mwaka ule wazee walikuwa wamekubaliana kwamba shamba la Sengi likivamiwa, mwano upigwe, na wote waache kuchuma pamba waje. Lakini anayepiga mwano wa uongo hutozwa mbuzi. Sengi alikuwa na mbuzi mmoja.

"Kweleakwelea hawaji," Ng'wana Shigela alinifundisha. "Wanamwagika. Kwanza utasikia pugi wamenyamaza. Halafu utasikia mtu anamwaga mtama juu ya ngozi kavu ya ng'ombe. Ukitazama, utaona moshi unaobingirika, wa nyuma wanaruka juu ya wa mbele. Lakini ukiwa umeshauona moshi, umechelewa. Na zaidi ya yote, mtazame yule."

Yule alikuwa kozi, ndege mwindaji. Magharibi mwa shamba palikuwa na mti mkavu ambao Sengi alitaka kuukata kuni, na Ng'wana Shigela akamkataza katakata. Kozi alikuwa amefika hapo siku chache kabla yangu, kifua cheupe, kichwa chenye rangi ya kutu, amesimama wima kama askari wa bendera. Kila asubuhi Ng'wana Shigela alimwamkia kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Huyu hali mtama," alisema. "Anakula wanaokula mtama. Anawafuata kweleakwelea kama mchuuzi anavyofuata gulio. Kozi mmoja ni mpita njia. Siku ukiona wawili, ujue gulio ni kesho."

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo kuku wa Sengi hunikwama kooni.

Daftari langu lilikuwa na ukurasa wa kozi. Nilikuwa nimemchora vizuri, nikaandika "Kozi. Mti mkavu, Zagayu. Mmoja." Lakini ukurasa ulikuwa mtupu chini, na mimi nilishaanza tabia ya kubandika manyoya. Manyoya ya kanga nilikuwa nayo, ya yangeyange nilikuwa nayo. La kozi ndilo lingenifanya mtu wa pekee shuleni. Nilikuwa na manati mfukoni. Alasiri moja Ng'wana Shigela aliteremka lamboni kuchota maji, akaniachia dungu.

Nikatazama mti mkavu. Kulikuwa na kozi wawili.

Ninyi mngefanya nini? Mngekumbuka somo. Mimi nilichokumbuka ni kwamba wawili ni shabaha kubwa kuliko mmoja. Niliteremka, nikanyatia kati ya mistari, nikavuta manati mpaka mpira ukalia. Jiwe lilipiga tawi kando ya mkia wa mmoja. Wote wawili waliruka kwa pamoja, wakapita chini juu ya mtama, wakaelekea upande wa lambo, wakapotea. Na unyoya mmoja, wa kijivu wenye michirizi, ulishuka polepole mpaka miguuni pangu kama barua.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipofika kwenye dungu. Hapo ndipo niliposikia kichwani: siku ukiona wawili. Nilitakiwa kumwambia. Lakini kumwambia wawili ilikuwa kumwambia na wako wapi sasa, na kumwambia wako wapi ilikuwa kumwambia manati. Nikaona bora ninyamaze. Nilijipa moyo kwamba huenda kozi wamerudi makwao, na gulio nalo likaahirishwa.

Ng'wana Shigela alirudi na maji, akapanda, akaketi. Hakuutazama mti. Alianza kufinyanga mabonge ya udongo, mengi kuliko siku zote, akayapanga mpaka giza likaingia. Kisha akamwambia Sengi alete na madebe mawili ya nyumbani.

"Kuna nini?" Sengi akauliza.

"Mikono inawasha," akajibu.

Alfajiri mpwa wake Makoye alifika na baiskeli, ametapakaa vumbi, amesafiri tangu usiku. Binti pekee wa Ng'wana Shigela aliolewa Dutwa, na uchungu ulikuwa umemwanza. Ulikuwa uzazi wa kwanza. Kwa miezi kadhaa mama yake alikuwa akimwambia kila aliyepita karibu na dungu kwamba mjukuu huyo atapokewa na mikono hii, akiionyesha, na si mikono mingine. Alifunga khanga, akanawa uso, akaja shambani. Mimi nilikuwa tayari juu.

Hakunipa hotuba. Alishika nguzo ya dungu, akanitazama juu. "Leo usitazame mti, Karani. Sikiliza."

Akapanda kwenye kereya la baiskeli, akaketi upande, wakaondoka.

Jua lilipanda kidogo. Sengi alikuwa upande wa mashariki, anachechemea na debe lake. Mimi nilikaa na rundo la mabonge, nikijisikia mkubwa na mgonjwa kwa wakati mmoja. Kisha nikagundua kwamba kuna kitu kimekosekana, na ilinichukua muda kujua ni nini. Pugi walikuwa wamenyamaza.

Halafu ikaja. Mbali, upande wa magharibi, kama mtu amefungua mdomo wa gunia kwa uangalifu asije akaamsha watu. Mtama, juu ya ngozi kavu.

Nilisimama. Damu yote ilinipanda. Najua! niliwaza. Ndiyo hao! Na hapo hapo shingo yangu, bila ruhusa yangu, ikageuka kutazama mti.

Mti ulikuwa mtupu.

Na mimi, mtaalamu mkuu wa Kanda ya Ziwa, nikaanza kufikiri. Hakuna kozi. Pasipo na kozi hapana kweleakwelea. Basi huu ni upepo. Nikiuita upepo kwa mwano, Sengi atatoa mbuzi, nami nitakuwa mtoto wa mjini aliyewakimbiza watu wazima kwa sababu ya majani. Nilifikiri hayo yote vizuri, kwa mpangilio, huku nikijua kabisa kwamba mti ulikuwa mtupu kwa sababu mimi ndimi niliyeufanya mtupu. Akili ya mtu inaweza kubeba vitu hivyo viwili bila kuviacha vigusane. Baadaye nilikutana na hali hiyo chuo kikuu, tena kwa watu wenye vyeo.

Kisha nikauona moshi. Uliinuka nyuma ya mti mkavu, ukabingirika, wa nyuma wakiruka juu ya wa mbele, na mistari ya magharibi ikainama yote kwa pamoja kama imekaliwa.

Nikapiga mwano.

Sauti ilitoka vibaya, imevunjika katikati kama ya jogoo anayejifunza, lakini ilikuwa moja ndefu na mbili fupi. Nikarudia. Sengi akaupokea upande wa pili, naye ana kifua. Mtu mmoja kwenye pamba akaupokea kwake, na mwingine ng'ambo ya korongo, na mwingine, mpaka bonde zima likawa linalia, nami juu ya dungu nikirusha mabonge kushoto na kulia na kupiga debe kwa mguu.

Jamani, watu walivyokuja! Wanawake walikimbia na mifuko ya pamba kiunoni, pamba ikimwagika njiani kama njia ya sungura. Katekista alikuja na kengele ya kanisa mkononi, anaipiga kana kwamba Ekaristi inaibwa. Mzee mmoja alikuja amenyolewa nusu ya kichwa, na kinyozi wake nyuma yake na wembe. Mwenye sufuria alipiga sufuria, asiye na kitu alipiga makofi na kutukana. Wale ndege waliinuka kama shuka inayokung'utwa, wakazunguka, wakashuka tena, tukawapigia tena, wakainuka. Anga ilikuwa nyeusi kisha nyeupe kisha nyeusi. Nilikuwa nalia na kucheka, sauti imekauka, na nakiri mbele yenu kwamba sijawahi kuwa na furaha kubwa vile, hata siku ya harusi yangu, na mke wangu analijua hilo. Jua lilipokuwa karibu utosini waliinuka mara ya mwisho, wakabingirika kuelekea kusini, na bonde likabaki kimya kiasi kwamba ulisikia watu wakipumua.

Mistari ya magharibi ilikuwa imekwisha. Masuke yalisimama matupu kama mifagio iliyochakaa. Lakini shamba kubwa lilibaki. Sengi alinikumbatia mbele ya watu wote. "Mtoto wa kaka yangu ameniokoa!" Mzee wa nusu kichwa alinipa mkono. Jioni alichinjwa kuku. Nilimla.

Ng'wana Shigela alirudi siku ya pili, alasiri, kwenye kereya la Makoye. Mtoto alikuwa wa kike, mama mzima.

"Umempokea?" Sengi akauliza.

"Nilikuta ameshapokewa, ameogeshwa, amelala. Ni hii baiskeli ya Makoye. Ina umri mkubwa kuliko yeye."

"Baiskeli!" Makoye alikaribia kulia. "Muulizeni nani aliniambia nisimame pale kwenye kilima cha mawe! Tumesimama mpaka jasho limenikaukia. Nikimwambia mama, twende, ananiambia nyamaza."

"Nilikuwa napumzika."

Sengi alicheka mpaka akashika mguu wake mbovu. Mwanamke anayepanda kutoka lamboni na ndoo kichwani bila kusimama, anapumzika kwa kuketi juu ya baiskeli ya mtu mwingine! Sote tulicheka. Ikawa ndiyo hadithi ya mwaka.

Kabla ya jua kutua alikwenda peke yake mistari ya magharibi, akapita akigusa masuke matupu kwa vidole, moja moja. Kisha akapanda kwenye dungu.

"Wamesema umewaokoa."

"Ndiyo, mama."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Nisomee daftari."

Hakujua kusoma, lakini alipenda kusomewa ndege na kuwasahihisha. Nilisoma pugi, nikasoma mnana, nikaruka ukurasa mmoja.

"Umeruka," akasema. Masikio yale.

Nikafungua. Unyoya ulikuwa pale, umebandikwa kwa uji. "'Kozi. Mti mkavu, Zagayu. Mmoja.'"

"Mmoja?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. "Wawili."

"Andika. Wako wapi?"

"Wamefukuzwa."

"Na nani?"

Pugi mmoja alipita na mluzi wake.

"Na mimi."

"Andika na hilo. Ukimwandika ndege, andika na wewe ulikuwa unafanya nini."

Niliandika. Hakusema neno lingine, wala kwa Sengi hakusema, siku ile wala nyingine, mpaka alipofariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Daftari bado ninalo. Ukurasa ule ndio wa kwanza nilioandika jambo la kweli, na kila ninapokaa kuandika chochote huufungua kwanza nijikumbushe.

Hivyo ndivyo nilivyomsimulia Nkamba juzi, tumekaa kwenye benchi la mama lishe, nikinywa chai kutuliza moyo. Nimewahi kumsimulia na mama yake, na marafiki, mara nyingi. Siku zote huishia hapo, kwenye unyoya, nami huonekana mtu mnyenyekevu mwenye funzo. Nkamba alimaliza chapati yake.

"Baba. Unyoya aliujua lini?"

"Aliporudi kutoka Dutwa. Nilipomsomea."

"Lakini alikwambia usitazame mti kabla hajaondoka."

Nilishika kikombe. Chai ikapoa mkononi.

Kozi wale waliruka kuelekea lamboni. Yeye alikuwa lamboni. Waliruka wawili, chini, kwa kushtuka, juu ya kichwa chake, wakitokea kwenye dungu alilomwachia mtoto mwenye manati. Mwanamke aliyemjua nyoka kwa kilio cha mnana angehitaji niseme nini zaidi? Alijua wawili. Alijua gulio ni kesho. Alijua kwamba mti hautasema tena kitu, na nani ameunyamazisha. Ndiyo maana alirudi akaanza kufinyanga udongo. Akangoja nimwambie, jioni nzima, bonge baada ya bonge, nami nikanyamaza. Alfajiri binti yake akamwita. Angeweza kumwambia Sengi aniteremshe, na Sengi angejua kwa nini. Akanipa maneno machache na kuniachia chakula cha mwaka mzima cha nyumba ya watu.

"Halafu kile kilima," Nkamba akasema.

"Kilima gani?"

"Cha mawe. Alipokuwa anapumzika."

Nimepita pale mara nyingi kwa basi na kwa bodaboda bila kugeuza kichwa. Juzi, tulipotoka sokoni, nilimwomba dereva wa bodaboda atupeleke. Kilima ni kidogo tu. Tulisimama juu ya mawe, nikamwambia Nkamba afumbe macho, nami nikafumba. Upande wa Zagayu mtu alikuwa anaita ng'ombe wake, na tulimsikia neno kwa neno. Tukateremka upande wa pili, hatua kama hamsini kuelekea Dutwa, na sauti ikakatika kabisa.

Kwa hiyo ni pale aliposimama. Mwisho wa masikio. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa anazaliwa, na mikono aliyoiahidi ilikuwa imekaa juu ya kereya la baiskeli, kilimani, ikingoja kumsikia mtoto mmoja mwongo akipiga mwano. Alipousikia, umevunjika vile, ndipo alipomwambia Makoye twende.